Mkataba wa Mwani na Eda ya Bi Mize

Haya, nimechoka kuulizwa. Tangu nirudi simu yangu haipumui. Zuwena, umerudi? Zuwena, mkataba umepatikana? Zuwena, Dar kulikuwaje, umetuletea nini? Sikuleta kitu. Naandika hapa mara moja tu, kwa nyinyi niliosoma nanyi skuli, mlio Unguja na mlio Maskati, msome wote kisha mniache. Ila nina sharti. Haya maneno yasifike Tumbe. Najua midomo yenu ilivyo myepesi, nimekua nayo, lakini safari hii sifanyi mzaha. Atakayeyafikisha Tumbe, mie na yeye basi.

Kwa wasiojua, kikundi chetu cha wanawake tunalima mwani, pwani ile ya jirani na Tumbe. Tulitia saini mkataba na kampuni moja ya Dar inayokusanya mwani na kuuuza kwa kiwanda cha nje kinachotengeneza mafuta ya kupaka. Hawa hawakutaka mwani tu. Walitaka mwani usioanikwa mchangani bali juu ya chanja, vijiti visikatwe kwenye mikoko, mtoto asikose skuli kwa ajili yake, na mtu asifanyishwe kazi bila malipo. Masharti yale tuliyapenda, wallahi. Bi Time, mwenyekiti wetu, aliyasoma mbele za watu kwa sauti ya khutba. Mchuuzi wetu wa zamani, aliyekuwa akitupunja kwenye mzani miaka nenda miaka rudi, tukamwambia kwaheri, na mengine tuliyomwongezea siyaandiki.

Halafu mume wa Bi Mize akafariki. Bi Mize ni mwenzetu, mtu wa maneno machache, shamba lake limepakana na langu. Akakaa eda. Miezi minne na siku kumi mjane hatoki, haonekani na wanaume wa kando, hayo mnayajua. Lakini mwani haukai eda. Ukiachwa unakatika na kuchukuliwa na maji. Basi tukafanya kama walivyofanya mama zetu kwenye mpunga: kila bamvua, yale maji makubwa yakishakupwa, hushiki kamba yako kabla ya kushika ya Bi Mize. Tukamfungia mbegu, tukamvunia, tukamwanikia, tukamwekea ghalani kwa jina lake.

Akaja mkaguzi wa kampuni, kijana wa bara, mpole, suruali kaikunja mpaka magotini. Akauliza shamba lile la nani. La Bi Mize. Yuko wapi? Yuko ndani. Nani anamlimia? Sisi. Akauliza tena, anawalipa kiasi gani? Hapo tulicheka. Bi Time akamjibu kwa fahari, "Alipe nini, mwanangu? Tunamfanyia bure." Yule kijana akaandika. Tukampa madafu akanywa, akaenda zake, na sisi tukasema leo tumesifika.

Majibu yakaja kwamba mkataba umesimamishwa. Kikundi kinatumia kazi isiyolipwa, na mkulima mmoja ni jina tu, hayupo shambani. Na kwa kuwa mwani wake umewekwa ghala moja na wa wengine, hautachukuliwa hata wa mmoja wetu mpaka yaelezwe. Ghala lilikuwa limejaa hadi mlangoni. Mwani mkavu ukikaa unavuta unyevu, na ukianza kutoa maji ni wa kutupa, na masika hayo yanabisha hodi. Tulipiga simu, kila anayepokea anatupeleka kwa mwengine. Wakanichagua mie niende, kwa kuwa nimefika fom foo na ulimi wangu hauogopi watu. Nikajiambia hili ni jambo dogo. Nikiwaeleza eda ni nini, wataelewa.

Tumbe mpaka Mkoani, mie na changu

Gari ya asubuhi iliniacha. Hayo nayasema mapema ili msiniulize. Nikapata pikapu ya mchuuzi wa samaki, nikakaa mbele, lakini ndoo mbili za changu hazikuwa na pahala nyuma, zikawekwa miguuni pangu. Kila kona maji ya samaki yalinirukia buibui langu jipya. Dereva alinipa pole mara moja, baadaye akazoea.

Wete tulisimama muda mrefu. Yeye ashushe samaki, mie nichukue halua. Ile halua ilikuwa ya Bi Mize. Alikuwa ameiagiza kwa mtu, imefungwa kwenye kikapu kidogo cha ukili kama za kupeleka posa, na usiku wa kuamkia safari alinambia nimpe huyo mkubwa wa Dar, nimwambie imetoka kwa yule yule aliyeleta matatizo. Nilimkemea. Nikamwambia hukuleta tatizo lolote, hukumuua mumeo. Akainamia miguu yake. Hiyo ndiyo sura niliyosafiri nayo.

Mkoani nikaambiwa boti haiji. Kwa nini? Haiji tu. Makuli wa bandarini walikuwa wamelala juu ya mizigo ya watu, na kila niliyemuuliza alinijibu kana kwamba mie ndiye niliyeiharibu. Mama mmoja anayeuza chapati, Bi Salma, aliniona nazunguka, akanipa kigoda na maharage ya nazi yenye pilipili iliyonitoa machozi. Akadhani nalia. Akaanza kunisomea dua na kuniuliza mgonjwa wangu kalazwa hospitali gani. Nikamwambia sina mgonjwa, nina mkataba. Akanitazama kwa huruma zaidi kuliko mwanzo. Nililala kwake, na asubuhi alikataa katakata nimlipe. Nikawaza hapo hapo, akija yule kijana mwenye suruali ya kukunja, Bi Salma naye ataandikwa.

Baharini

Boti ilikuja, ikaondoka, watu wakatapika. Hakuna la kusimulia mpaka Unguja. Pale bandarini nilikula sahani ya urojo nimesimama, nikapanda ya Dar.

Humo nilikaa na bwana mmoja wa Unguja anayelima mboga. Tangu alipokaa alikuwa ananusa nusa hewa, mpaka nikamwambia ni mie, ni changu, asihangaike. Tukacheka, tukawa marafiki. Alikuwa akiuzia hoteli moja ya watalii mchicha na nyanya. Hoteli ikaanza kununua kwa masharti ya kulinda mazingira, akafurahi, kwani yeye dawa za dukani hatii, anatia samadi. Wakamtaka athibitishe kwamba ile samadi haina madhara. Ng'ombe ni wa jirani, na jirani hana uthibitisho wa ng'ombe wake. Sasa hoteli inaletewa mboga kutoka mbali kwa gari la barafu, zimefungwa kwenye plastiki, na kila kitu chake kimethibitishwa.

Nikamweleza safari yangu. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Usiwaeleze sana, dada. Ukieleza sana unawapa vya kuandika."

Nikamwona mtu aliyekata tamaa tu. Mie nilikuwa bado naamini maneno.

Halua iliyokataliwa

Dar joto lake mnalijua. Bajaji ilinizungusha, mara hapa si penyewe, mara tumepita, mpaka nikafika kwenye geti la kampuni nimelowa jasho. Mlinzi alininusa kabla hajanitazama. Akanambia wauza samaki wanapita nyuma, jikoni. Nikamjibu kwamba mie ni katibu wa kikundi kilichotia saini na mabosi zake. Akasema sawa mama, lakini samaki wanapita nyuma. Ilibidi nimfungulie mkoba aone hakuna samaki. Akaiona halua, akameza mate.

Ofisi ilikuwa na baridi ya kugandisha. Aliyenipokea ni dada mmoja anaitwa Neema, umri wa mwanangu wa kwanza, ndiye anayesimamia mikataba ya vikundi vya wakulima. Aliniamkia kwa heshima, akanipa maji, akanisogezea kiti mbali na upepo wa mashine. Nilijiandaa kupigana na mtu mbaya, nikakosa wa kupigana naye.

Nikatoa halua. Neema akarudi nyuma kidogo. Akanambia, kwa adabu kabisa, kwamba hawaruhusiwi kupokea zawadi kwa wanaowauzia, ni katika masharti yale yale. Nikamwambia si zawadi, ni halua. Akasema anajua. Nikamwambia imetoka kwa mjane, ukiikataa umemkataa yeye. Nikaona macho yake yanababaika, lakini mikono aliificha chini ya meza. Halua ikakaa kati yetu pale mezani muda wote tuliozungumza, hakuna anayeigusa.

Nikaeleza. Wacha nijisifu, nilieleza vizuri. Nikaeleza eda, nikaeleza bamvua, nikaeleza kwamba tunapomlimia Bi Mize hatufanyishwi kazi na mtu, na kwamba kesho yangu nikifiwa mie nitalimiwa hivyo hivyo. Neema alielewa. Hilo ndilo linalonisumbua mpaka leo. Akanambia kwao milimani nako wanalimiana, bibi yake alilimiwa alipovunjika mguu. Akaandika yote kwa Kiingereza kizuri, akanisomea kwa Kiswahili nione kama ndivyo. Ndivyo. Akawapelekea wa kiwanda huko nje.

Nilingoja. Wakaniletea chipsi na kuku wakati wa mchana, nikamla kuku, chipsi sikuweza. Jibu likaja alasiri. Neema akalisoma mara mbili kabla ya kunambia.

Wamesema wanaheshimu mila. Lakini mila haipo kwenye mkataba. Kama tunamfanyia kazi Bi Mize, yeye ni mwajiri, na alitakiwa atuandikie ajira tangu mwanzo, sasa hivi haiwezekani. Kama si mwajiri, basi athibitike kuwa ni mkulima anayelima mwenyewe: apigwe picha akiwa shambani kwake, kazini, uso uonekane. Picha ifike kesho kabla ofisi haijafungwa, kwa sababu kontena linapakiwa. Isipofika, watanunua mwani kwengine, na mkataba unakufa.

Nikamwambia Neema haiwezekani, mtu yuko eda. Akasema, "Najua, mama. Umenieleza, nikaelewa. Lakini kuelewa kwangu hakuna pa kukuweka."

Jioni nikampigia Bi Time nimpe habari. Nikamwambia wanataka picha ya Bi Mize baharini, na mie nimeshawajibu kwamba haiwezekani, kwa hiyo ajue tumekwisha. Bi Time akasema inna lillahi. Nikakata simu. Sikujua kwamba alikuwa amekaa nyumbani kwa Bi Mize na wenzetu wote, wamekwenda kumtazama, na ile simu yake mbovu haisikiki ila ukiifungulia sauti kwa chumba kizima.

Picha

Siku ya pili nilirudi ofisini kuaga tu. Nilichokuwa nimekipanga siku hiyo ni kupanda boti. Neema alikuwa ananiandikia barua ya kusema tulijitahidi, simu yangu ikalia, picha ikaingia.

Nataka niieleze vizuri, maana nimeitazama kuliko nilivyopata kutazama picha ya harusi yangu.

Bahari imekupwa, maji ya magotini. Katikati ya maji wamesimama wanawake wamejipanga duara, wote wa kikundi, nawajua kwa miguu yao. Kila mmoja kashika khanga kainyanyua juu ya kichwa, khanga imeungana na khanga, nyekundu, njano, ile ya Bi Time yenye korosho, mpaka imekuwa mfano wa chumba kisicho na paa. Wamemzingira mtu, ili wavuvi waliokuwa wakipita wasimwone. Upande mmoja khanga zimeachana kidogo apenye mpiga picha. Hapo ndipo unapomwona Bi Mize. Kainama juu ya kamba ya mwani, buibui limemwagika mpaka majini, na ushungi kauteremsha mpaka kidevuni. Kinachoonekana ni mkono mmoja, vidole vilivyopinda kwa miaka ya kufunga mbegu, hauna hata doa la hina.

Ametoka nje na eda haijaisha. Hilo ndilo lililonijia kwanza. Ametoka, kakanyaga mchanga mchana kweupe, kwa ajili yetu. Bi Time alinieleza baadaye kwamba hakuna aliyemwambia aende. Asubuhi maji yalipoanza kutoka walimwona yuko mlangoni kavaa viatu vya pwani, akasema twendeni. Walimzuia, hakuzuilika. Ndipo wakakimbilia khanga.

Neema aliikuza picha kwa vidole. Akaniuliza taratibu, "Mama, uso uko wapi?"

Nikamwambia uso uko humo, chini ya ushungi.

Akasema haitapita. Uso lazima uonekane, na wale wenzake wasiwepo. Kisha akatazama saa ukutani, akanambia kama maji bado hayajajaa, muda upo. Nipige simu, wateremshe khanga, wasogee pembeni, Bi Mize afunue uso, ipigwe moja tu. Alisema kwa nia njema. Alikuwa ananipigania, yule mtoto wa watu, na ukweli ni kwamba hakuna mwengine kule aliyenipigania.

Nikachukua simu. Nikaliona jina la Bi Time pale. Nilijua nikisema, watafanya. Wangeteremsha khanga zile, na Bi Mize angefunua, kwa sababu alishafika majini na hakuna kitu angebakisha. Na ghala lingefunguliwa. Watoto wa Bi Time, madeni ya yule, bati za huyu, vyote nilivifikiria. Nikafikiri na ile picha, uso wa mjane aliye eda, unapita kutoka simu hii kwenda mashine ile kwenda kwa watu ambao hawatajua wameona nini.

Nikaiweka simu juu ya meza, kioo chini.

Neema alinielewa, tena akanielewa. Akaipeleka picha vile vile ilivyo. Jibu halikuchukua muda: mkulima hatambuliki, na kuna watu wengine shambani.

Watu wengine shambani. Nimelirudia neno hilo njia nzima.

Kurudi

Pale getini nilimpa mlinzi ile halua. Alinishukuru mpaka nikaona haya, akaniombea safari njema, akaanza kuikata kabla sijapata bajaji.

Boti safari hii zilikuja kwa wakati, zote mbili, kana kwamba zilikuwa zinanicheka. Bi Salma wa Mkoani aliniona nashuka, akaniuliza mgonjwa anaendeleaje. Nikamwambia kafa. Akanishika mkono, tukakaa, sikumsahihisha. Ndiyo mara ya kwanza nililia, na hapakuwa na pilipili.

Nyumbani niliwaambia tumechelewa. Nikasema kontena lilishapakiwa, picha ilikuwa nzuri lakini ilikuta mlango umefungwa. Waliamini. Watu wameshazoea kuchelewa. Mvua ikaanza wiki ile ile, na Bi Time akajifunga kibwebwe akaenda kwa mchuuzi wetu wa zamani kumwomba radhi kwa yale maneno. Alimpokea anatabasamu. Mzani wake sasa ni mbaya kuliko wa zamani, na hatuna la kumwambia.

Shemeji yake Bi Mize hamsalimii. Anasema kalivunjia heshima kaburi la ndugu yake. Shehe kamwita, kamweleza kwamba mwenye dharura ana ruhusa yake na eda ya mama huyu ni sahihi, lakini mwenyewe Bi Mize hasikii. Anasema imeharibika, ataihesabu upya tangu siku ile. Kwa hiyo tunaendelea kumlimia. Bamvua lililopita tulianza la kwake, kama kawaida, na hakuna aliyetaja malipo wala kucheka.

Nilichelewa kwenda kumwona, nikaenda siku ya kuuza. Wenzangu nje walikuwa wanatoa magunia ghalani kuyapakia gari la mchuuzi, kelele zao zinaingia mpaka chumbani. Bi Mize alikuwa kakaa kwenye mkeka pale pale nilipomwacha. Akaniuliza kama walikula halua. Nikamwambia walikula.

Akawa anachezea ncha ya ushungi wake, nikajua linakuja lenyewe. Akauliza, "Na uso wangu, Zuwena? Wale watu waliuona uso wangu?"

Nikamwambia hapana. Hawakuuona.

Bi Mize akafumba macho, akapumua pumzi ambayo sijui aliibana tangu lini. "Alhamdulillahi," akasema. "Basi hatukupoteza kitu."